Dakika Ambazo Kalamu Haikupanda

"Mama Mayaka, ina maana wewe hujamwona Trizah akitoka kwa Cephas kwa mlango wa nyuma?"

Leonida alimuuliza Bonareri swali hilo siku moja mwanzoni mwa Februari, kila mmoja akiwa upande wake wa ua wa mkonge, jembe begani. Hakulitilia mkazo. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kama mvua imefika kwenu, kisha akaendelea na habari za kuku wake waliokuwa wanakufa wamepinda shingo.

Bonareri alimjibu kwamba hajaona, na jambo ambalo hajaliona halisemi. Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na mitatu, aliishia darasa la sita, na tangu mume wake azikwe hakuwahi kukosa Sabato hata moja labda awe hoi kitandani. Ng'ombe wa mtu akila mahindi ya mwenzake, au majirani wakizozana juu ya jiwe la mpaka, alikuwa anaitwa yeye aseme alichoona, na akishasema maneno yanaisha. Watu wa upande ule wa bonde la Lambwe walikuwa na msemo wao, kwamba macho ya Bonareri hayajui chumvi.

Siku tisa baada ya lile swali, akaona. Jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya vilima vya Gwassi, naye anarudi kutoka kisimani. Duka la Cephas, la mbegu na dawa za mifugo, lilikuwa ng'ambo ya korongo, hatua mia moja na kitu. Mlango wa nyuma ukafunguka. Akatoka mwanamke mwenye kitambaa kichwani, akainama chini ya kamba ya nguo, akapotelea kwenye migomba. Bonareri alisimama na ndoo yake, maji yakimchuruzika shingoni.

Trizah, moyo wake ukasema, kabla hata mlango haujafungwa.

Cephas alikuwa mume wa mtu, na mkewe alikuwa amekwenda kujifungulia kwao Rongo. Trizah alikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, mtu wa kisiwa cha Mfangano. Alifundisha watoto wadogo katika darasa la kanisa na kulala katika chumba cha nyuma ya kanisa hilo hilo. Hakuwa na shangazi wala binamu katika bonde lile. Jina lake likifutwa katika kitabu cha washiriki, darasa limekwenda, na chumba kimekwenda.

Bonareri hakupiga kelele sokoni. Alikwenda moja kwa moja kwa mzee wa kanisa, Nyakundi, akamwambia alichoona, na kwamba kitambaa kilikuwa cha kijani. Maandiko yanasema umwendee kwanza ndugu yako, mkiwa wawili peke yenu. Hilo alilikumbuka akiwa njiani kurudi nyumbani, akasema moyoni kwamba sasa limeshapita. Mzee Nyakundi aliita baraza la kanisa likae Jumapili ya pili ya Machi. Ushahidi ulikuwa mmoja tu, lakini ulikuwa wa Bonareri, na hakuna aliyeuliza wa pili.

Kulikuwa na sababu nyingine ya watu kuamini macho yale mwaka huo wa tisini na tisa. Ilikaa katika nyumba ya nyuma ya boma lake.

Mpangaji wake aliitwa Nicholas Oyaro, fundi wa simu aliyestaafu, mtu wa Homa Bay. Alikuwa amefungua kibanda cha kutengeneza redio mjini Migori, karibu na duka la vifaa vya ujenzi ambako Mayaka, kijana wa Bonareri, alikuwa ameajiriwa. Lakini kile Oyaro alichokipenda hasa hakikuwezekana Migori. Mashine za kuchomelea, vinu vya kusaga, nyaya za umeme juu ya kila paa, vyote vilikuwa vinavuma ndani ya redio yake kama nyuki. Mayaka akamwambia, "Mzee, nenda kwa mama Lambwe. Huko hata umeme haujui njia."

Akaja na waya, betri mbili za gari na redio kubwa ya kijivu. Akasimamisha nguzo za mkaratusi, akavuta waya mita mia mbili juu ya mahindi ya Bonareri. Wengine walisema anatafuta dhahabu kama wachimbaji wa Masara. Wengine wakasema ametumwa na serikali kupima ardhi ili mbuga ya wanyama iongezwe. Bonareri alimuuliza mwenyewe.

"Kuna wazee wenzangu huko Ulaya," Oyaro akamwambia, "hawalipwi na mtu, ni kupenda tu. Wanatuma alama kwa mawimbi marefu sana, na nguvu wanayotumia haiwezi hata kuchemsha chai yako. Mmoja yuko kaskazini mwa Scotland. Nataka kujua kama anafika hapa."

"Unamsikia?"

"Hasikiki. Sikio la mtu haliwezi."

"Sasa mtu asiyesikika utajuaje amefika?"

"Anapunguza mwendo, min Mayaka." Oyaro alimwita hivyo, kwa desturi ya kwao, mama wa Mayaka. "Nukta moja anaishika dakika moja nzima. Kistari, dakika tatu. Herufi tatu tu zinamla karibu saa nzima. Ukimvumilia namna hiyo, kelele zinachoka, yeye anabaki."

Bonareri alimfikiria Hana wa kwenye Biblia, midomo inacheza na sauti haitoki, hata kuhani akadhani amelewa. Akaona si jambo baya.

Redio ile iliunganishwa na mashine ya kuchora ambayo zamani ilikuwa inapima kina cha ziwa kwenye gati la Homa Bay, na ambayo Oyaro aliinunua kwenye vyuma chakavu. Karatasi ilikuwa inajikunjua polepole, na kalamu ya wino ikaburuta mstari wenye nywele nywele kama mgongo wa kiwavi. Alama ikifika, mstari ulitakiwa kupanda kidogo, unene wa ukucha. Radi ikipiga popote juu ya ziwa, kalamu iliruka mpaka ukingoni. Kwa hiyo walikuwa na majuma machache tu ya Januari, mbingu ya ziwa ikiwa imepumzika.

Na aliyetakiwa kuisoma karatasi hakuwa Oyaro.

"Mimi sifai," alisema. "Mimi najua yule mzee anatuma nini, na anaanza saa ngapi kamili. Nikiangalia huo mstari nitaona kila ninachotaka, nitaona mpaka harusi ya nyanya yangu. Nataka mtu asiyejua chochote."

"Basi umempata," Bonareri akasema.

"Aa, min Mayaka, sikusema hivyo."

"Umesema. Lakini endelea."

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Kila dakika moja ya saa ya mezani, Bonareri aliangalia kalamu. Imepanda juu ya mahali pake pa kawaida, aandike kistari katika daftari. Haikupanda, aandike duara. Oyaro aliketi nje chini ya ghala la mahindi mpaka amalize, asije akamwambukiza. Jumanne na Alhamisi, saa moja hadi saa tatu usiku. Ijumaa jua likizama kazi hiyo haikutajwa hata kwa mzaha.

Kwa majuma mawili aliandika maduara. Kurasa na kurasa za maduara, na kistari kimoja kimoja kilichopotea kama mbuzi. Oyaro alikuwa anayasoma, anashukuru, anakwenda kulala.

Alhamisi ya tarehe ishirini na moja, siafu walitoka chini ya ghala. Oyaro aliingia ndani akirukaruka, suruali imepandishwa mpaka magotini, anajichomoa siafu miguuni na kuomba radhi. Hakuweza kurudi nje. Akaketi kwenye kiti cha mbao nyuma ya Bonareri, kimya, mbali na karatasi, akaahidi hatatamka neno. Na hakutamka.

Usiku huo vistari vilikuja. Vitatu, kisha duara, kisha kimoja. Bonareri aliona kalamu inapanda, akaandika. Alipomaliza, Oyaro alichukua daftari, akaliweka karibu na karatasi yake mwenyewe aliyokuwa ameikunja mfukoni, yenye herufi na dakika za yule mzee wa Scotland.

"Ni yeye," akasema. Akavua miwani, akafuta macho kwa mkono wa shati. "Amevuka jangwa lote lile. Ni yeye."

Alimwomba aweke jina lake chini, na Bonareri akaandika kwa herufi zake za shule, Edinah Bonareri, akapiga na mstari chini yake. Oyaro akaipeleka ripoti posta ya Homa Bay. Juma lililofuata akina mama wa kanisa walikuwa wanajua habari yote. Leonida mwenyewe alisema mbele ya watu, "Sasa tuvae vizuri, jamani. Mama Mayaka anaona mpaka Ulaya."

Jibu lilifika Ijumaa ya tarehe kumi na mbili Machi, siku mbili kabla ya baraza. Bonareri alikuwa jikoni akimaliza mapishi ya Sabato, ndizi ziko motoni na nguo ya kanisa imeshapigwa pasi. Alimwona Oyaro anavuka ua kwa mwendo wa mtu aliyetoka kuzika. Alikuwa bado na vumbi la Homa Bay kwenye viatu.

"Njoo ukae, min Mayaka."

"Kuna nini?"

"Ukae kwanza."

Walikwenda katika nyumba ya mashine. Oyaro alisoma barua kwa Kiingereza kidogo, akasimama, akaitafsiri. Yule mzee wa Scotland alishukuru sana kwa ripoti. Alisema imemliza. Lakini dhoruba ilikuwa imeuangusha mlingoti wake Jumatatu ya tarehe kumi na nane, na hakutuma alama yoyote tena mpaka tarehe ishirini na saba. Aliomba radhi kwa kuleta habari hii.

Bonareri alikaa na mikono yake mapajani, utomvu wa ndizi umemkaukia vidoleni.

"Amekosea tarehe," akasema.

"Huyu? Huyu anaandika mpaka saa aliyokunywa chai."

"Basi alikuwa mwingine."

"Mwingine, na herufi zile zile, na dakika zile zile?"

"Unasema nilidanganya, Mzee Oyaro?"

"Ingekuwa hivyo ningelala," Oyaro akasema. "Najua hukudanganya. Ndiyo maana sijui nitalala vipi."

Akatoa karatasi ya usiku ule, akaikunjua mezani, akaibana kwa betri ya tochi na kikombe. Akaweka daftari kando yake na kumpa Bonareri penseli. "Tuangalie. Dakika ya tisa umeandika kistari. Nionyeshe kalamu imepanda wapi."

Bonareri aliinama. Mstari ulikuwa na nywele zake, umelala kama ulivyolala dakika ya nane na ya saba. Aliangalia dakika ya kumi. Ya kumi na moja. Akaangalia ukingoni kama karatasi haikubadilishwa, akaona herufi mbili za jina lake, E na B, alizoandika mwenyewe usiku ule kabla ya kuanza. Usiku ule aliona. Aliona kalamu inapanda na macho yake mawili, akiwa na akili zake, bila homa.

Oyaro aliketi kwenye kile kiti cha mbao ili apumzishe magoti, akafungua karatasi yake ya mfukoni, akaanza kupitisha kidole, dakika kwa dakika, akinong'ona namba. Bonareri alibaki ameinamia meza. Mara akaona penseli yake imechora kistari pembeni mwa karatasi. Hakuwa amekusudia. Muda kidogo, ikachora tena.

Akatulia. Akasikiliza.

"Mzee Oyaro, rudia."

"Nirudie nini?"

"Hesabu tena kutoka mwanzo, kimoyomoyo. Usinong'one. Mimi nageukia ukuta."

Alichukua daftari, akafungua ukurasa mweupe, akakaa akiangalia ukuta wa udongo ambao haukuwa na kitu isipokuwa msumari. Akafumba na macho. Nyuma yake Oyaro akaanza. Kidole cha Oyaro kilipofika mahali ambapo alama ilitazamiwa, mwili wake ulisogea mbele kidogo, pumzi ikashikwa, na mguu mmoja wa kiti ukalia. Ilikuwa sauti ndogo sana, kama panya anayekata nyuzi. Kila ulipolia, Bonareri aliandika kistari. Uliponyamaza, aliandika duara.

Walipolinganisha, vyote vilikubaliana na karatasi ya Oyaro, isipokuwa viwili.

Ndizi ziliungua jikoni, harufu ikawafikia, na hakuna aliyeinuka.

"Nilikuwa nimekaa nyuma yako," Oyaro akasema.

"Ulikuwa umekaa nyuma yangu."

"Ni siafu hao. Ningekaa nje, haya yasingetokea."

"Si siafu," Bonareri akasema. "Mimi sikusikia kiti usiku ule. Nakwambia mbele ya Mungu, sikukisikia. Niliona kalamu."

"Najua. Hata wenye digrii hupatwa na jambo hili, min Mayaka. Mtu akishapewa kitu cha kuona, na mbele yake kuna ukungu, jicho linamtii. Si dhambi. Ni mimi niliyevunja sheria yangu mwenyewe."

Bonareri alikuwa hamsikii tena. Alikuwa anaona mlango wa nyuma wa duka, na kitambaa cha kijani kinainama chini ya kamba.

Alitoka bila kuaga, akachukua ndoo tupu. Jua lilikuwa linazama na Sabato inaingia, lakini kusimama njiani si kazi. Alisimama pale pale alipokuwa amesimama mwezi uliopita, akaangalia ng'ambo ya korongo. Kulikuwa na nguo tatu kwenye kamba ya Cephas. Alizikazia macho. Moja ilikuwa nyeupe. Mbili zilikuwa nyeusi tu, kama vivuli. Mtu alipita karibu nazo amebeba kitu kichwani, na Bonareri hakuweza kusema kama ni Cephas, au mama yake Cephas, au mgeni. Akasubiri mpaka yule mtu akawasha taa, na kamba ikawa kwenye mwanga. Zile nguo mbili, moja ilikuwa nyekundu na moja ya kijani.

Basi rangi aliitoa wapi? Alimwambia Mzee Nyakundi kijani, na akaapa.

Usingizi haukumjia. Asubuhi kanisani alimwona Trizah kwenye benchi la nyuma na watoto wanne tu. Zamani walikuwa ishirini na watatu. Kichwani alikuwa na kitambaa cha kijani, kile kile anachokivaa kila Sabato ya mwaka mzima. Huko ndiko rangi ilikotoka. Aliibeba kutoka kanisani, akaenda kumfunika nayo mtu gizani.

Baada ya ibada alimngoja chini ya mteremko.

"Mwalimu Trizah, nataka tuseme, mimi na wewe peke yetu."

Trizah alimwangalia. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilimuumiza Bonareri zaidi. "Kesho utasema, mama," akajibu. "Si umeshawaambia wao kwanza?" Akawashika watoto mikono na kuwapeleka.

Baraza lilikaa Jumapili saa nne asubuhi. Walikuwa saba kwenye mabenchi ya mbele. Mzee Nyakundi alikuwa na kitabu cha washiriki mezani. Leonida alikuwepo kwa kuwa ni shemasi, na Roseline, karani. Motari, mweka hazina, alikaa karibu na dirisha. Trizah aliwekewa kiti peke yake pembeni, daftari la mahudhurio ya watoto na boksi la chaki mapajani. Wakaomba. Kisha Mzee Nyakundi akakohoa.

"Dada Bonareri, simama. Tuambie ulichoona."

Alisimama. Akashika mgongo wa benchi.

"Niliona mtu anatoka kwa mlango wa nyuma wa Cephas."

"Trizah."

"Niliona mtu, mzee."

Nyakundi alivua miwani yake. "Dada, mwezi uliopita ulikuja kwangu, ukakaa kwenye kiti changu, ukasema ni Trizah."

"Nilisema."

"Na kitambaa cha kijani," Leonida akaingilia. "Mama Mayaka, si ulisema kijani?"

"Nilisema kijani. Ijumaa nilirudi mahali pale saa ile ile. Kijani haionekani kutoka pale. Kijani na nyekundu ni kitu kimoja."

"Kwa hivyo ulidanganya," Motari akasema.

"Sikudanganya, Ndugu Motari. Hilo ndilo linaloniogopesha. Mtu akidanganya anajua ukweli ameuficha wapi. Mimi sijui. Nikifumba macho hata sasa namwona Trizah, kama nilivyoiona kalamu ya Mzee Oyaro inapanda. Na kalamu haikupanda."

Ikabidi aeleze. Alieleza habari ya barua, na mlingoti ulioanguka, na kiti kilichokuwa kinalia nyuma yake. Alieleza vibaya, akarudi nyuma, akaanza upya. Mtu mmoja alicheka, akaacha alipoona wenzake hawacheki.

"Sasa hiyo redio imeingiaje kwa mambo ya kanisa?" Motari akauliza.

"Imeingia kwa sababu kabla sijaona mtu yeyote, nilikuwa nimeulizwa kama nimemwona Trizah. Siku tisa nikatembea na swali hilo. Kisha mlango ukafunguka, na mimi nikamaliza."

Leonida alijiweka sawa kwenye benchi. "Unanitaja mimi hapa?"

"Wewe uliuliza tu, jirani. Nami nakuuliza. Wewe ulimwona?"

Leonida aliwageukia wenzake. "Mimi," akasema, "mimi Roseline aliniuliza kama nimeona. Nikajua yeye ameona."

Watu wote wakamgeukia Roseline. Kalamu ilikuwa mkononi mwake, muhtasari umefika katikati ya mstari.

"Mimi nilisikia ikiulizwa kwa kinu," akasema polepole. "Siku ya kusaga. Kulikuwa na watu wengi. Sikumbuki aliyeuliza."

Mzee Nyakundi aliangalia nyuso moja moja, kama mchungaji anayehesabu kondoo na namba inakataa. "Kuna mtu yeyote hapa," akauliza, "yeyote, aliyemwona dada huyu kwa macho yake?"

Mwezi mzima watu hawakumpelekea Trizah watoto. Akina mama walihama upande wa kisima alipokuja na mtungi wake. Na katika chumba kile chote hakukuwa na mtu mmoja aliyeona kitu.

"Andika, Roseline," Bonareri akasema. "Andika kwamba Bonareri hakumwona."

"Na mpaka wa shamba langu?" Motari aliuliza ghafla. Sauti yake haikuwa ya ugomvi. Ilikuwa ya mtu aliyeshtuka. "Mwaka juzi ulishuhudia jiwe lilikuwa wapi, Mama Mayaka. Nilipoteza mistari sita ya mahindi kwa neno lako. Hilo uliliona?"

Bonareri alimtazama. Alilitafuta lile jiwe kichwani, akaliona, wazi kabisa, chini ya mkonge, na hakuweza kujua ni nani alikuwa ameliweka hapo.

"Sijui," akasema. Alikaa.

Mzee Nyakundi alifunga kitabu cha washiriki taratibu, viganja viwili juu ya jalada. "Dada Trizah. Umesikia mwenyewe. Jina lako linabaki mahali pake, na darasa ni lako. Baraza hili litasimama Sabato ijayo mbele ya kanisa lote na kusema hivyo. Una neno?"

"Sina, mzee."

"Mwanangu," Bonareri akasema. Hakuwa amejipanga kusema. "Nilitakiwa nije kwako kwanza. Nisamehe."

Trizah aliinuka. Alisimama mbele yake muda ambao ulitosha kila mtu kuinamisha kichwa, na Bonareri peke yake hakuinamisha, alijilazimisha kumtazama, na hakuweza kusoma chochote katika uso ule. Kisha msichana aliliweka daftari la mahudhurio kwenye benchi, karibu na mkono wa Bonareri. Akaweka na boksi la chaki juu yake, kama mtu anayekabidhi kazi. Akapita katikati ya mabenchi, akafungua mlango na kutoka.